Meshi au nyota? Kuchagua njia ya kubeba video za kamera za ulinzi Dodoma

Mwenye ghala la mahindi Kibaigwa, mkulima wa zabibu Hombolo na msimamizi wa eneo la ujenzi Mtumba huuliza swali moja wanapotaka kufunga kamera mbali na ofisi: picha zifike vipi kwenye rekoda bila kuchimba mtaro? Mafundi huleta majibu mawili. La kwanza ni nyota: kituo mama kimoja kwenye mnara au paa refu, na kila nguzo ya kamera inazungumza nacho moja kwa moja. La pili ni meshi: kila nguzo ina redio inayopokea na kupitisha, data ikiruka kutoka nguzo hadi nguzo mpaka ilifikie lango lenye rekoda.

Msimamo wetu ni huu: kwa sehemu kubwa ya Dodoma na wilaya zake, anza na nyota. Meshi iwe kwa zile nguzo ambazo kituo mama hakizioni na hazitaonekana hata ukiongeza urefu wa mnara. Meshi si teknolojia mbaya. Ila video ni mzigo wa saa 24, unaokwenda upande mmoja na usiopumzika, na mzigo wa namna hiyo ndio unaoifichua meshi udhaifu wake.

Kinachoisha kwanza ni muda wa hewa

Wauzaji hutaja kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Iache. Uliza chaneli ya redio (masafa inayotumia) inabeba megabiti ngapi kwa kweli, kisha uhesabu kila megabiti itatumwa hewani mara ngapi.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Una kamera 16 za megapikseli 4, zinazotumia H.265 (njia ya kufinya video) kwa fremu 15 kwa sekunde, kila moja ikitoa 3 Mb/s (megabiti 3 kwa sekunde). Jumla ni 48 Mb/s. Chaneli yako inabeba 100 Mb/s kwa kweli. Kwenye nyota, kila megabiti husafiri hewani mara moja tu: umetumia 48 kati ya 100, na nafasi ya kupumua ipo.

Sasa ziweke kamera hizo hizo kwenye nodi nne za meshi, yaani nguzo zenye redio, zilizopangwa mstari mmoja, kamera nne kila nodi, redio moja kila nodi, zote kwenye chaneli moja. Kila nodi inazalisha 12 Mb/s. Ya kwanza inatuma mara moja. Data ya nodi ya pili inatumwa mara mbili, ya tatu mara tatu, ya nne mara nne. Jumlisha 1, 2, 3 na 4 upate 10, zidisha kwa 12: ni 120 Mb/s za muda wa hewa, yaani nafasi ya kutuma kwenye chaneli. Umeshapita uwezo wa chaneli kabla hujaweka kamera ya kumi na saba. Nodi zilizo karibu zinasikiana, kwa hiyo moja ikituma nyingine zinangoja. Zile za mbali zisizosikiana ni mbaya zaidi, kwa sababu mbili hutuma pamoja, mawimbi yanagongana kwenye nodi ya katikati, na kila kitu kinarudiwa.

Hesabu hiyo hiyo inakuonyesha pa kurekebisha. Lango likihama kutoka mwisho wa mstari hadi katikati, nodi mbili zinakuwa mruko mmoja (hatua moja ya hewani) kutoka langoni na mbili miruko miwili. Jumla inashuka kutoka 10 hadi 6, yaani 72 Mb/s. Hujanunua kitu, umesogeza lango tu. Ukishusha kila kamera hadi 2 Mb/s juu ya hapo, unabaki na 48, sawa na nyota. Na ukifunga nodi zenye redio mbili, moja ikipokea kwenye chaneli hii na nyingine ikipitisha kwenye chaneli ile, mzigo unagawanyika zaidi. Meshi ya redio moja kwa ajili ya video tusingeipitisha zaidi ya miruko miwili. Yenye redio mbili zenye chaneli tofauti, mitatu.

Kuna jambo lingine linalosahaulika sana: kiungo kimoja dhaifu hula muda wa wote. Redio ya 802.11n (kizazi kimoja cha Wi-Fi) yenye antena mbili kwenye upana wa 40 MHz hutuma kwa 270 Mb/s mawimbi yakiwa mazuri, na hushuka hadi 27 Mb/s yakiwa hafifu. Pakiti ile ile, yaani kipande cha data, inachukua muda mara kumi. Kamera moja nyuma ya ukuta wa zege inaweza kuzifanya nyingine 15 zigande, na fundi akahangaika na rekoda siku nzima wakati tatizo liko kwenye nguzo moja. Tafuta mawimbi kati ya -55 na -65 dBm kwenye kila kiungo (kipimo cha nguvu ya mawimbi; namba ikikaribia sifuri, mawimbi yana nguvu zaidi). Kiungo cha -75 kiondoe, hata kama kinaonyesha kimeunganika.

Nyota ina faida moja zaidi hapa. Redio nyingi za nje zinazouzwa kwa kazi hiyo zina utaratibu wa zamu: kituo mama hukigawia kila kituo nafasi yake ya kutuma, kama NV2 ya MikroTik au airMAX ya Ubiquiti. Hakuna kugombania, na tatizo la nodi zisizosikiana linaisha. Meshi ya kawaida ya 802.11s, kiwango cha Wi-Fi cha meshi, hubaki na utaratibu wa Wi-Fi wa kusikiliza kwanza ndipo utume, na kadiri nodi zinavyoongezeka ndivyo muda unavyopotea kwenye kungojana.

Uwanda wazi, miamba na mibuyu

Ardhi ya Dodoma inaipendelea nyota. Uwanda ni mpana, majengo marefu ni machache nje ya katikati ya jiji, na vilima vya mawe kama Mlimwa vinaonekana kutoka mbali. Kwenye shamba la zabibu, mnara wa mita 12 ulioshikwa vizuri kwa waya unaona nguzo zote, maana waya za kubebea mizabibu hazizidi sana kimo cha mtu.

Lakini kuona kwa macho hakutoshi. Mawimbi ya 5.8 GHz yanahitaji nafasi iliyo wazi kuzunguka mstari wa kuonana. Kwa umbali wa kilomita 1, nafasi hiyo ina nusu kipenyo cha mita 3.6 katikati ya njia, na angalau asilimia 60 yake, yaani mita 2.2, isizibwe na kitu. Kwa kilomita 3 unahitaji mita 3.7. Ukuta, paa la bati au kichuguu kinachogusa eneo hilo kinakula mawimbi hata kama unaliona taa la upande wa pili vizuri kabisa.

Halafu kuna miti. Kiungo kikipimwa Agosti, mbuyu uko mtupu, matawi peke yake, na mawimbi yanapita. Mvua zikianza Desemba majani yanafunga, majani mabichi yenye maji hunyonya mawimbi ya 5 GHz, na Januari kamera ile inaanza kukatika. Migunga nayo hujazia majani msimu huo. Ukipima kiangazi, uhesabu mti wowote ulio njiani kuwa ni ukuta. Pandisha antena juu ya mti au hamisha nguzo. Kuongeza nguvu ya redio hakutakusaidia.

Pale meshi inapostahili

Soko la nafaka ni mfano mzuri. Asubuhi uwanja uko wazi. Saa nne malori yamejipanga, yamepakiwa magunia juu kuliko antena ya nguzo ya mita 4, na kiungo kilichokuwa safi alfajiri sasa kimekutana na ukuta wa mahindi. Lori linaweza kukaa hapo mpaka jioni. Nyota yenye kituo mama kifupi itapoteza kamera hiyo muda wote huo. Meshi inaweza kupita kwa nodi ya upande wa pili wa uwanja.

Mahali pengine ni kati ya maghala ya bati yaliyobanana, ambapo hakuna sehemu moja inayoona vichochoro vyote, na kwenye eneo la ujenzi ambapo jengo jipya linapanda na kuziba njia iliyokuwepo mwezi uliopita. Mtumba hilo hutokea mara kwa mara. Kuhamisha nodi ya meshi ni kazi ya saa moja, wakati kuhamisha mnara wenye msingi wa zege ni mradi mwingine.

Hata hapo, elewa unachonunua. Meshi hutafuta njia nyingine, haitafuti uwezo mwingine. Nodi ya pili ikizimika, data ya nodi ya tatu itazunguka kwa njia ndefu zaidi, na miruko ikiongezeka muda wa hewa unaliwa zaidi, kwa hiyo hata kamera ambazo hazikuguswa na hitilafu zinaanza kusitasita. Na kubadili njia kwenyewe huchukua sekunde kadhaa za picha kupotea. Kama mtandao una njia mbili ambazo ubora wake unakaribiana, utakuta njia inabadilika huku na kule kutwa nzima. Dawa yake ni kufunga njia kwa mkono pale panapowezekana, na kuiacha ijitafutie yenyewe kwa zile nodi mbili tatu zinazozibwa na malori.

Mchanganyiko ndio unaofaa mara nyingi. Nyota iwe uti wa mgongo, na nodi za meshi ziwe mruko mmoja tu, kwa chaneli tofauti, kufikia kamera zilizo nyuma ya vizuizi. Kwa kamera zetu 16, tuseme 12 zinaonana na kituo mama na nne ziko nyuma ya ghala. Nyota inabeba 48 Mb/s zote kwa mara moja, na mruko wa ziada una 12 tu kwenye chaneli yake. Kiasi hicho hakisumbui mtandao wowote.

Kazi kubwa iko kwenye kamera, si kwenye redio

Njia yoyote utakayochagua, mzigo unasimamiwa kwanza kule unakozaliwa.

Weka ukomo wa kasi ya data. Kamera nyingi hutoka kiwandani zikiruhusiwa kupanda na kushuka zitakavyo. Mchana picha imetulia, 2 Mb/s. Usiku chembechembe za giza zinaifanya kamera idhani kila kitu kinatikisika, na kasi inapanda maradufu. Upepo mkali wa Dodoma nao una athari hiyo hiyo: nguzo nyembamba ikiyumba, picha nzima inahama kwa pamoja, na mfinyazo wa H.265 unakosa kitu cha kuhifadhi kutoka fremu iliyopita. Kwa hiyo waya za kushikia nguzo ni sehemu ya usimamizi wa data pia. Ruhusu kasi ibadilike, lakini kwa ukomo wa juu, mathalani 3 Mb/s, na ushushe fremu usiku hadi 10 kwa sekunde. Kwa kutambua mtu anayepita getini inatosha.

Fremu kamili zinahitaji uangalizi wa pekee. Video hutumwa kama fremu moja kamili ikifuatiwa na nyingi ndogo zinazoeleza mabadiliko tu. Ile kamili ya megapikseli 4 inaweza kufika kilobaiti 200, na pakiti moja tu ikipotea ndani yake picha inakuwa viraka mpaka fremu kamili ijayo. Ziweke kila sekunde mbili, yaani fremu 30 kwa kasi ya 15. Zile setingi za kufinya kwa akili zinazorefusha muda huo hadi sekunde nyingi, zizime kwenye njia ya hewani. Zinaokoa diski lakini zinafanya kosa dogo lionekane kwa muda mrefu.

Tatizo linalofuata huonekana umeme unaporudi. Kamera zote 16 zinawaka sekunde moja, kwa hiyo fremu kamili za zote zinatoka pamoja, kila sekunde mbili, siku nzima. Kilobaiti 200 mara 16 ni megabiti 25 zinazotaka kupita kwa mpigo mmoja. Wastani wa mtandao unasoma asilimia 48, kila kitu kinaonekana salama, lakini foleni za redio zinajaa na pakiti zinamwagika. Swichi za PoE (zinazopeleka umeme kwenye kebo ya data) zenye uwezo wa kuchelewesha kila mlango zinaondoa hili: zipe kamera nafasi ya sekunde moja na kitu kati yao. Au zipe kamera vipindi tofauti kidogo vya fremu kamili, 30 kwa hizi, 28 na 33 kwa zile.

Kisha dhibiti watazamaji. Bosi, mlinzi na mhasibu wakifungua kamera ya geti moja kwa moja kutoka kwenye simu zao, kamera inatuma nakala tatu juu ya ile ya rekoda, na zote nne zinapita hewani. Watu wote watazame kupitia rekoda. Hewani ipite nakala moja ya mkondo mkuu (video kamili) na moja ya mkondo mdogo wa 640 kwa 360, ambao kwa fremu 10 hauzidi 0.5 Mb/s. Kwa sababu hiyo hiyo zima utumaji wa kundi, ule wa pakiti moja kwenda kwa wengi. Kwenye waya ni mzuri, lakini Wi-Fi huutuma kwa kasi ya chini kabisa na bila kuthibitisha kama umepokelewa.

Kuhusu vipaumbele, zipe kamera chache alama ya DSCP 34 (alama ya kipaumbele kwenye pakiti), ambayo kwenye Wi-Fi inaangukia foleni ya video: geti, mizani, dirisha la malipo. Nyingine ziache kwenye foleni ya kawaida. Ukizipa zote kipaumbele ni sawa na kutoweka kabisa, na foleni ya video yenyewe, ikijazwa kupita kiasi, husababisha migongano zaidi kwa kuwa inangoja muda mfupi kabla ya kutuma.

Rekoda izivute kamera kwa RTSP (lugha ya kuomba video) juu ya TCP (usafirishaji unaorudia kilichopotea) ikiwa upotevu uko chini ya asilimia 1 au 2, ili pakiti zilizopotea zirudiwe. Lakini TCP haiongezi uwezo. Ukiona picha inachelewa sekunde tano, kisha kumi, kisha kamera inakatika na kurudi, ujue data inayoingia ni nyingi kuliko inayoweza kutoka. Rudi kwenye hesabu.

Na kila kamera iwe na kadi ya kumbukumbu. Kwa 3 Mb/s unaandika takribani GB 32 kwa siku, hivyo kadi ya GB 128 inashika karibu siku nne. Chagua zile zilizotengenezwa kwa kuandikwa mfululizo, kadi za simu hufa mapema. Kama kamera na rekoda zinaelewana, kipande kilichokosekana njia ilipokatika kinavutwa baadaye. Hapo hata sekunde zinazopotea meshi inapobadili njia hazina madhara makubwa.

Umeme, radi na vumbi

Nguzo ya nyota yenye sola hubeba kamera ya wati 8 usiku, redio ya wati 8, na wati 4 hivi za swichi na upotevu. Jumla wati 20, sawa na 480 Wh (wati-saa) kwa siku. Betri ya lithiamu ya 12.8 V na 100 Ah, ukitumia asilimia 80, inakupa siku mbili na kidogo bila jua, na paneli ya wati 200 inairudisha. Nodi ya meshi yenye redio mbili inafika wati 28, yaani 672 Wh: betri ile ile haifiki siku mbili, na paneli iwe 250 hadi 300. Tofauti hii mara nyingi haimo kwenye bei unayopewa. Isitoshe, kwenye nyota betri ikiisha unapoteza kamera za nguzo hiyo. Kwenye meshi unapoteza pia njia ya wengine. Futa vumbi la paneli mara kwa mara kiangazi, kwa kitambaa laini na maji, asubuhi kabla kioo hakijapata moto.

Radi za Desemba hadi Aprili zinahitaji kinga ya mshtuko pande zote mbili za kebo ya CAT6, juu kwenye redio na chini kwenye swichi. Kinga bila erthi nzuri ni mapambo, na udongo mkavu wa kichanga hupitisha umeme kwa shida sana. Fimbo moja haitoshi. Piga mbili au tatu, ziachane angalau kwa urefu wa fimbo yenyewe, ziunganishe, na upime ukinzani Septemba au Oktoba udongo ukiwa mkavu kabisa, ukilenga chini ya omu 10. Kwenye nyota mnara wa kituo mama ndio mrefu kuliko vyote, kwa hiyo fedha ya erthi uiweke hapo kwanza.

Faiba na laini ya simu

Kama unaruhusiwa kuchimba ndani ya uwanja wako, na umbali ni mita mia chache, faiba inashinda zote mbili. Haina chaneli ya kugombania, na isiyo na chuma ndani haibebi radi. Hata ukibaki na redio, kipande cha kutoka kituo mama hadi rekoda kiwe cha faiba.

Laini ya simu si mbadala. Kamera moja ya 1 Mb/s ni GB 10.8 kwa siku, zaidi ya GB 320 kwa mwezi. Itumie kutuma tahadhari na kuangalia mkondo mdogo ukiwa safarini.

Kabla hujamlipa fundi

Hakikisha redio zina idhini ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), na kumbuka kwamba 5 GHz ni masafa ya wote. Jirani akifunga yake kwenye chaneli yako huna wa kumshtaki. Epuka chaneli zinazolazimu redio kusikiliza rada kama una nafasi ya kuchagua, maana redio ikidhani imesikia rada inahama ghafla na kamera zote zinakatika pamoja. Funga njia zote kwa WPA2 au WPA3 na ubadilishe nywila za kiwandani za kamera. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu wanaorekodi watu, hivyo jisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na uweke mabango.

Kisha jaribio. Pima kwa iperf3 (programu ya kupima kasi ya mtandao) kutoka nguzo zote kwa wakati mmoja. Nguzo moja moja kila mtandao unafaulu. Fanya hivyo uwanja ukiwa umejaa malori, na tena usiku taa za infraredi zikiwaka. Zima umeme wote, uurudishe, uhesabu kamera ngapi zimerudi ndani ya dakika tano bila mtu kugusa kitu. Kama ni meshi, zima nodi ya katikati kwa saa nzima na uangalie kamera za nodi nyingine zinabaki na fremu ngapi kwa sekunde. Matokeo yaandikwe kwa kila kamera, pamoja na dBm na chaneli ya kila kiungo, na karatasi hiyo ibaki kwako. Malipo ya mwisho yasubiri kipimo kingine cha viungo vile vile mvua zikishaanza.